Mlezi na Akili ya Mtoto: Historia Iliyoanzia Buganda

Mwaka 1954 ulipoingia, nchi ya Buganda ilikuwa katika huzuni kubwa, kwa kuwa tarehe 30 Novemba ya mwaka uliotangulia Gavana Sir Andrew Cohen alikuwa amemwondosha Kabaka Mutesa wa Pili katika nchi yake na kumpeleka uhamishoni Uingereza, na habari ya kurejeshwa kwake ilikuwa ndiyo mazungumzo ya wakubwa na wadogo. Katika msimu huo, usio mwepesi kwa Mzungu kupata imani ya Waganda, bibi mmoja wa Kizungu alianza kuzizuru nyumba za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akifuatana na mfasiri wake, akiomba ruhusa ya kuketi na kina mama na kuwatazama watoto wao wachanga. Maswali yake hayakuwa ya siasa wala ya ardhi. Alitaka kujua mtoto hulala wapi, hunyonya wakati gani, hulia kwa sababu gani, na akilia ni nani amwendeaye. Maswali hayo, ambayo kila mzazi hudhani kwamba majibu yake yanajulikana tangu zamani, yalikuja kuwa msingi wa elimu inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima, nayo ni elimu ya namna mlezi anavyoyafahamu yaliyomo moyoni mwa mtoto asiyejua kusema, na namna ufahamu huo unavyoifungua akili ya mtoto mwenyewe.

Bibi huyo alikuwa Mary Ainsworth, aliyezaliwa Ohio katika Marekani mwaka 1913, akalelewa na kusomeshwa Toronto, Kanada, akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nafsi mwaka 1939, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akalitumikia jeshi la Kanada mpaka akafikia cheo cha meja. Baada ya kuolewa mwaka 1950 alikwenda London pamoja na mumewe, na huko, kwa kulijibu tangazo la gazetini, akapata kazi katika kliniki ya Tavistock chini ya tabibu John Bowlby, ambaye mwaka 1951 alitoa taarifa mashuhuri kwa Shirika la Afya Duniani juu ya madhara yanayompata mtoto anayekosa malezi ya mama. Kauli iliyotawala zama zile ni kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye mwenye maziwa. Bowlby alikuwa ameanza kuishuku kauli hiyo na kudhani kwamba mafungamano ya mtoto na mama yana asili yake yenyewe, kama yanavyoonekana kwa vifaranga na wana wa wanyama. Walakini Ainsworth alipoiaga London hakuwa amesadiki. Wala hakwenda Uganda kwa ajili ya hoja hiyo, bali mumewe alikuwa amepata kazi katika Taasisi ya Afrika Mashariki ya Uchunguzi wa Jamii, iliyokuwa Makerere chini ya uongozi wa Audrey Richards, mwanazuoni wa mila na desturi, na hapo naye akapata nafasi ya kufanya uchunguzi wake.

Jambo alilokusudia kulichunguza kwanza lilikuwa la ada. Ilisemekana kwamba Waganda, mtoto anapofikia wakati wa kulikizwa, humtenga na mama yake na kumpeleka kwa bibi apate kulisahau ziwa. Na mtafiti huyu aliona kwamba mila yenyewe imekwisha kumtayarishia njia ya kujua mtoto huwaje anapotengwa kwa ghafula na yule aliyemzoea. Lakini alipofika vijijini alikuta kwamba wengi wa kina mama aliowazuru hawaishiki tena ada hiyo, kwa kuwa zama zimegeuka, na kile alichokifuata kutoka mbali kilikuwa kimo katika kutoweka. Mtu mwenye haraka angalilifunga daftari lake akarudi mjini. Yeye aligeuza swali, na badala ya kuuliza mafungamano hukatwaje, akauliza hufungwaje.

Alizipata aila 26 zenye watoto 28 ambao walikuwa hawajaachishwa ziwa, wa umri kati ya mwezi mmoja na miaka miwili, akawa akizizuru kila baada ya majuma mawili, kwa muda wa saa mbili hivi kila mara, na baadhi yao kwa miezi hata kufikia tisa. Saa zake zilikuwa za alasiri, wakati ambapo mwanamke wa Kiganda, akisha kutoka katika shamba la migomba na kumaliza shughuli za jikoni, huketi sebuleni mwake kupokea wageni. Na uzuri wa wakati huo ni kwamba mtoto naye huwapo, mara mapajani mwa mama, mara mikononi mwa nduguye au shangazi, mara sakafuni akitambaa, wala hakuna atakiwaye kufanya jambo ambalo hangalifanya siku nyingine.

Alichokiona katika sebule hizo kilimwondolea shaka aliyotoka nayo London. Aliona kwamba mtoto si chombo kinachongoja kutiwa maziwa, bali ni mtu mwenye kutafuta, kuchagua na kutoa ishara: humlilia mama aondokapo asimlilie mwingine, humtambaia, humtazama kwa mbali ahakikishe kwamba yupo, na amwonapo akirudi humpokea kwa kupiga makofi, kwani watoto wa Kiganda aliowatazama hawakufundishwa kukumbatia wala kubusu, bali hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Zaidi ya yote aliona kwamba mtoto anayeamini kwamba mama yupo ndiye aendaye mbali naye. Kama jahazi linavyothubutu bahari kuu kwa sababu nahodha anaijua bandari ya kurejea, ndivyo mtoto wa namna hii alivyojitenga na mama yake, akavichezea vitu, akawakaribia wageni, kisha akarudi kugusa goti la mama na kuondoka tena. Hapa ndipo malezi na akili vinapokutana kwa mara ya kwanza katika simulizi hii, kwa kuwa kutambaa na kuchungua ndiyo madarasa ya kwanza ya mwanadamu, na mwanafunzi mwenye hofu hayahudhurii.

Ainsworth aliwagawa watoto hao katika mafungu matatu. La kwanza, nalo ndilo lililokuwa na wengi, ni la watoto waliotulia, waliolia kidogo na kuchungua sana mama zao wakiwapo. La pili ni la watoto wenye wasiwasi, ambao walilia mara kwa mara hata walipokuwa mikononi mwa mama, wala hawakuwa na hamu ya kujua yaliyo mbele yao. La tatu ni la wachache ambao walikuwa bado hawajamtofautisha mama na watu wengine. Kisha akatafuta ni kitu gani kiwatenganishacho, na majibu aliyoyapata yanastahili kupimwa moja baada ya moja. Upendo wa mama haukuwatenganisha, kwa sababu takriban wote walikuwa wenye upendo. Kunyonyeshwa kwa saa maalumu au kila mtoto atakapo hakukuwatenganisha. Idadi ya watu waliomshika na kumlea mtoto, ambayo Wazungu wa zama zile waliiogopa wakidhani kwamba mikono mingi humpoteza mtoto, nayo haikuwatenganisha. Yaliyokuwa na uzito ni wingi wa malezi ya mama mwenyewe, furaha yake katika kunyonyesha, na jambo moja ambalo yamkini halikutazamiwa na mtu yeyote, nalo ni namna mama alivyoweza kumweleza mtoto wake.

Walikuwapo kina mama ambao, wakiulizwa neno moja juu ya mtoto, walijibu kumi bila kuhimizwa. Walisema mambo madogo madogo aliyoyafanya tangu ziara iliyopita, anachokipenda na anachokichukia, na namna anavyobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, wala hawakupenda mazungumzo yatoke kwa mtoto na kuingia katika habari za watu wazima. Na walikuwapo wengine, wenye adabu na upendo kama wenzao, ambao swali lile lile waliligeuza kuwa fupi, kwa sababu hawakuyaona yale mabadiliko madogo ya wajihi na sauti ambayo kwayo mtoto mchanga huleta maombi yake. Watoto wa wale wa kwanza ndio aghalabu waliokuwa katika fungu la waliotulia. Mtafiti alikuwa ameandika sifa hiyo ya kina mama ili ajue ni maelezo ya nani ya kutegemewa. Kumbe alikuwa anaupima mzizi wenyewe. Mama ajuaye kumsimulia mtoto wake ni mama aliyemsoma kwanza, na mtoto aliyesomwa vema alionekana kuisoma dunia bila hofu.

Miaka hiyo hiyo, katika hospitali ya Mulago hapo hapo Kampala, uchunguzi mwingine ulikuwa ukifanyika juu ya watoto wa nchi. Daktari wa Kifaransa aliyeitwa Marcelle Geber, akitumia vipimo vilivyotungwa Marekani, alitangaza mwaka 1957 kwamba watoto wachanga wa Kiafrika aliowapima wamewatangulia wa Ulaya katika kuinua shingo, kuketi na kusimama, akahusisha jambo hilo na kubebwa kwao na kuwa karibu na mwili wa mama wakati wote. Habari hiyo ilisifiwa na wengine wakaipinga, mpaka katika miaka ya 1970 watafiti walipouliza walezi wenyewe wanafanya nini. Philip na Janet Kilbride walionyesha kwamba Waganda humfundisha mtoto kuketi kwa makusudi, wakimwegemeza na kumzungushia nguo, kwa kuwa mtoto akiketi na kutabasamu anaweza kushiriki katika maamkizi ya watu. Na Charles Super, aliyekaa katika kijiji cha Kokwet miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, alieleza mwaka 1976 kwamba watoto wa huko huwahi kuketi na kutembea, mambo ambayo hufundishwa, lakini hawawahi kutambaa, jambo ambalo hakuna alionaye kuwa na haja ya kufundishwa. Fundisho la habari hizi ni kwamba mtoto hutangulia katika lile ambalo walezi wake wanalitazamia kwake, na kwamba macho ya mlezi huongoza hata viungo.

Mwaka 1955, ambao mwezi wake wa Oktoba Kabaka naye alirejea katika nchi yake, Ainsworth aliondoka Uganda akahamia Baltimore katika Marekani. Mwaka 1963 alianza huko uchunguzi wa pili kwa mfano wa ule wa Buganda, akichagua tena aila 26, ila sasa ziara zilikuwa za saa nne kila baada ya majuma matatu, tangu mtoto akiwa na majuma machache mpaka baada ya kutimiza mwaka. Kwa kuwa watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea kuona mama akitoka na kuingia chumbani, hawakulia kama wale wa Buganda, basi akabuni jaribio la dakika 20 hivi katika chumba kigeni, ambamo mama huondoka na kurudi mara mbili mbele ya mtafiti aliyejificha nyuma ya kioo. Jaribio hilo ndilo lililompa sifa, na kwa wasomaji wengi limekifunika kitabu alichokitoa mwaka 1967 juu ya watoto wa Uganda. Lakini kipimo alichokitunga cha kumpima mama kilibeba yale aliyojifunza sebuleni kule, kwa maana kilitaka mambo manne: mama aione ishara ya mtoto, aifasiri kama ilivyo na si kama atakavyo yeye, aijibu kwa wakati, na jibu lilingane na haja. Mwaka 1972, yeye na Silvia Bell walitangaza kwamba watoto ambao vilio vyao vilijibiwa upesi katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo kufikia mwisho wa mwaka, kinyume cha wasia wa mabibi na madaktari wengi wa Kizungu walioonya kwamba kumwendea mtoto alilapo ni kumdekeza.

Habari za akili zilifuata hatua kwa hatua. Bell mwenyewe alionyesha mwaka 1970 kwamba mtoto aliyefungamana na mama kwa amani huwahi kufahamu kwamba mtu aliyetoweka machoni bado yupo, ufahamu ambao ni ngazi ya kwanza ya kufikiri juu ya kisichoonekana. Mwaka 1978, huko Minnesota, Alan Sroufe na wenzake waliona kwamba watoto wa namna hiyo, walipofikia miaka miwili na kupewa fumbo la kufungua kwa vijiti, walilikabili kwa shauku na subira, na liliposhinda uwezo wao waliomba msaada bila ghadhabu. Kisha swali likarudi kule lilikoanzia, kwenye maneno ya mama. Elizabeth Meins, mwanazuoni wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alieleza kwamba mama wa watoto waliotulia, wakiombwa wawaeleze watoto wao, hutaja mawazo, matakwa na tabia za nafsi kuliko sura na vitendo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwasikiliza kina mama 71 wakicheza na watoto wa miezi sita, wakihesabu kauli za mama zinazotaja kilichomo fikirani mwa mtoto, na kupambanua zilizo sahihi na zisizo sahihi. Kwani kusema kwamba mtoto amechoka na mwanasesere hali amekodoa macho kwa furaha ni kumsingizia, si kumfahamu. Watoto waliosemwa kwa usahihi ndio ambao, walipokaribia miaka minne, walifahamu upesi kwamba mtu mwingine anaweza kuwa na wazo lisilo la kweli, mathalani kwamba aliyeacha kitu kabatini atakitafuta kabatini, ijapokuwa wengine wamekihamisha naye hana habari. Ajabu ni kwamba amani ya mafungamano peke yake haikuyabashiri hayo; maneno yaliyoigusa akili ya mtoto ndiyo yaliyoyabashiri.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusimama na kuuliza kama elimu hii, iliyotoka Buganda ikazunguka Ulaya na Marekani, imerudi na mizigo yake yote. Robert LeVine, aliyefika Kisii kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950, alirudi huko pamoja na wenzake kati ya 1974 na 1976, akakuta kina mama wanaowaendea watoto wao upesi sana walipolia, wanaolala nao na kuwanyonyesha kila watakapo, lakini wanaozungumza nao kwa nadra, na mtoto akianza kusisimka kwa furaha mama hugeuza uso ili atulie. Kusema na kiumbe asiyeweza kujibu waliliona kuwa jambo la kipuuzi. Ukiwapima kina mama hao kwa kipimo cha maneno utawahukumu kwamba hawazijui akili za watoto wao, nayo itakuwa hukumu isiyo na insafu, kwa sababu mama aliyembeba mtoto mgongoni huijua njaa kabla haijawa kilio, na usingizi kabla macho hayajafumba. Ufasiri wake umo mwilini, na jibu lake hutangulia neno.

Na maneno, michezo na vichekesho viliachwa kwa nani? Jibu lilipatikana katika uchunguzi walioutangaza Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman mwaka 1986, nao waliwatazama watoto wa Kisii pamoja na mama zao, kisha pamoja na walezi wao, ambao kwa kawaida walikuwa dada wadogo wa umri wa kuanza shule au kupita kidogo. Mafungamano mema na mama yalifuatana na afya ya mwili na lishe ya mtoto; mafungamano mema na yule mlezi mdogo yalifuatana na matokeo yake katika vipimo vya akili. Kila mmoja alimlisha mtoto kwa kile alichokuwa nacho, mama kwa maziwa na uangalizi, na dada kwa mchezo, kwa kuwa aliyetoka utotoni jana hahitaji kufundishwa kwamba mtoto ana utashi, hila na udadisi. Hivyo kazi ambayo Uingereza na Marekani ziliitafuta kwa mama peke yake, katika nchi zetu ilikuwa imegawanywa, na ule mgawo ulikuwa umeonekana tangu 1954 katika sebule za Buganda, pale mikono mingi ilipothibitika kwamba haikumdhuru mtoto. Ila elimu iliposafiri, ilimchukua mama na kuwaacha wengine.

Mgawo huo leo umevunjika, na sababu yake ni njema. Ada ya shule za msingi iliondolewa Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, na wasichana ambao wangalishinda uani na mdogo wao mgongoni wamekwenda kushika kalamu. Hakuna mwenye akili anayetamani kuwarudisha, kwani ulezi wao, pamoja na faida zake zote, uliwanyang'anya wengi wao masomo yao wenyewe. Nafasi yao imeingiwa na yaya wa kuajiriwa, na bibi anayetunza watoto wa wanawe walio mjini, na vituo vya malezi ambamo mwanamke mmoja huangalia watoto wengi kuliko macho yake yanavyoweza kuwasoma. Katika kumwajiri yaya tumekuwa hodari wa kuuliza kama ni mwaminifu, kama ni msafi na kama anajua kupika uji. Hatuna desturi ya kuuliza kama anaweza kutueleza jioni mtoto alitaka nini, alishangaa nini na alikasirishwa na nini, wala hatumlipi kama mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo, na wengi wetu humbadilisha kabla hajapata wakati wa kumjua mtoto.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walisema wahenga, nao hawakusema kwamba kazi hiyo ni ya mtu mmoja. Wajibu ambao dada mdogo aliubeba bila ujira wala shukrani sasa ni wa baba anayerudi kazini, wa bibi, wa yaya na wa serikali inayoandikisha vituo vya malezi. Na jamii iliyompeleka mlezi mdogo shuleni imetenda haki kwa mkubwa, lakini deni lake kwa mchanga aliyebaki nyumbani halitakuwa limelipwa mpaka imhakikishie mtu mzima mwenye nafasi na nia ya kumjua.